Kiapo cha Msimamizi wa Nguruwe

Mwaka nilioolewa Tamsett, mji ulinichagua kuwa msimamizi wa nguruwe. Walinichagua huku wakicheka, na aliyelianzisha jambo lenyewe ni baba mkwe wangu, mzee Asahel Batchelder, na baadaye likamrudia yeye mwenyewe. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mzee Asahel alikuwa hajawahi kuwasikia wahenga hao.

Kwetu huku, kwenye milima ya New Hampshire, serikali ya mji haikai ofisini. Kila Machi, Jumanne moja, theluji ikiwa bado magotini, kila mwenye kura huingia ukumbini na viatu vyake vya tope, na tangu hapo mpaka watu watakaporudi kukamua ng'ombe, wao ndio serikali. Wanaamua barabara ipi ichongwe, shule ipewe kuni kiasi gani, daraja litengenezwe au lingoje. Wanachagua madiwani watatu wa kuutunza mji mpaka Machi nyingine, na karani wa kuandika. Mchana kinamama huleta maharage yaliyookwa, mkate mweusi na pai za tufaha, na aliyetukanana na jirani yake asubuhi humpisha kwenye foleni ya maharage.

Mwisho kabisa, watu wakishashiba, ndipo huchaguliwa msimamizi wa nguruwe. Zama za mababu kazi hiyo haikuwa ya mchezo. Nguruwe walizurura ovyo, ikabidi awepo mtu wa kuwakamata, kuwafungia katika zizi la mji, na kukadiria hasara waliyofanya. Siku zetu ilikuwa imebaki desturi ya utani. Anapewa bwana harusi mpya, anapigiwa makofi, anakabidhiwa pete ya pua ya nguruwe akaitundike ukutani kwake, basi. Hakuna aliyekumbuka ni lini msimamizi alimgusa nguruwe kwa ajili ya kazi.

Mwaka ule bwana harusi alikuwa Orrin, mume wangu. Mimi ni Odile, wa akina Thibodeau wa Manchester, mji wa viwanda vya nguo. Nyumbani tulisema Kifaransa cha Quebec, na Kiingereza changu kilikuwa bado kinachechemea. Kwa watu wa Tamsett nilikuwa mgeni, Mkatoliki na mtoto wa kiwandani, makosa matatu kwa mpigo mmoja. Mwendesha mkutano alipouliza nani apendekezwe, mzee Asahel akasimama. Alikuwa diwani mkuu kwa miaka mingi, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili. Akasema Orrin hawezi kumkamata hata kuku aliyelala. Kwa hiyo yeye anampendekeza mke wake, maana ndiye aliyeweza kumkamata Orrin.

Watu walivunjika mbavu. Wanaokubali wakaambiwa waseme ndiyo, na ile ndiyo ilitikisa madirisha. Nilikaa pale na sahani yangu ya pai, uso unawaka. Nilikasirika, sifichi. Hawakuwa wananichagua, walikuwa wananichezea.

Asiyecheka alikuwa karani, Bwana Lyford Hoyt, mzee mkavu aliyevaa tai hata akipasua kuni. Aliniita mbele akaniambia ninyanyue mkono wa kulia. "Aliyechaguliwa anaapa," alisema. "Awe gavana, awe wa nguruwe." Kicheko kikaanza upya. Mzee Asahel alikuwa mstari wa mbele, amekaa, kofia kichwani, anajifuta machozi. Nami nikaapa, neno kwa neno, kwamba nitaifanya kazi yangu kwa uaminifu na bila upendeleo, kwa kufuata Katiba na sheria za jimbo.

Baba yangu mzazi, mfumaji, aliapa uraia akiwa tayari na mvi. Siku ile alikataa kuvua suti mpaka wakati wa kulala, na alituambia sisi watoto kwamba kiapo si ubani wa kutafuna na kutema. Nilikuwa naye moyoni nilipokuwa nashusha mkono. Kesho yake nilikwenda kwa Bwana Hoyt nikamwomba sheria ya kazi yangu. Alinitazama juu ya miwani kana kwamba nimeomba farasi, kisha akanifungulia kitabu. Zilikuwa kurasa mbili tu, na hazikuwa na mzaha hata mstari mmoja.

Kilimo kikaja, majani yakakatwa, nikausahau usimamizi wangu. Mpaka Septemba.

Ng'ambo ya ukuta wetu wa mawe aliishi Lettie Quimby, mjane asiye na mtoto. Alikuwa na nyumba ndogo, mbuzi mmoja na shamba la viazi, na viazi vile ndivyo vilivyokuwa maisha yake. Vilijaza pishi lake kwa majira yote ya baridi, na vilivyozidi alibadilishana dukani kwa unga na mafuta ya taa. Mwaka ambao viazi vingemtupa mkono, ingembidi aombe msaada kwa madiwani. Na kila mtu alijua madiwani walikuwa na msaada wa namna moja kwa mjane asiye na mtu: shamba la maskini la kaunti, kitanda kimoja katika safu ndefu ya vitanda, na nyumba yake inauzwa. Lettie alikuwa amemwona dada yake akipelekwa huko. Hakupenda hata kupita barabara ile.

Mzee Asahel naye alifuga nguruwe kwa njia ya babu yake. Majani yakianza kugeuka rangi aliwaachia msituni wajinenepeshe kwa matunda ya mialoni. Ukuta wake wa upande ule ulikuwa umeporomoka tangu enzi, na mwaka wa kabla ya mimi kuja nguruwe walikuwa wamepenya wakala mistari kadhaa ya Lettie. Alipolalamika, mzee alimwambia ajenge ua. Nani angembishia? Yeye ndiye aliyegawa vibarua vya barabara, na kila nyumba ilikuwa na kijana anayetaka kibarua.

Basi asubuhi moja, nachemsha tufaha nyumbani kwa mzee, ambako mimi na Orrin tuliishi, Lettie akabisha mlango wa jikoni. Nilimwambia mzee yuko ghalani.

"Sikumfuata mzee," alisema. "Nimekuja kwa msimamizi wa nguruwe."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshika kiazi kilichoumwa nusu. Nilitoa sufuria motoni nikamfuata.

Shamba lilikuwa limefukuliwa kana kwamba limelimwa na mlevi. Nguruwe walikuwa bado mle, kama nyumbani kwao, wanatafuna. Lettie hakulia wala hakulaani. Aliniuliza tu kama sheria ina lolote la kusema, maana alinisikia nikiapa, na siku ile alikuwa mmoja wa waliocheka. Nilimwambia sheria inalo. Lakini inataka kwanza mwenye mnyama aambiwe, apewe nafasi ya kuwaondoa na kuwazuia. Siwezi kumrukia mtu kabla hajaonywa, hata kama ni mkwe wangu, na hasa kwa kuwa ni mkwe wangu.

Nilimwonya mezani, wakati wa chakula. Orrin alikuwa ameshaniomba nimwachie yeye aongee na baba yake taratibu, baada ya mavuno. Baada ya mavuno ya nani, nilimuuliza. Mzee alinisikiliza huku anapaka siagi kwenye mkate.

"Binti," alisema, "ule ulikuwa mzaha."

"Kicheko kilikuwa mzaha, Baba. Kiapo hakikuwa."

Aliacha kupaka. Akataka kujua mkate ninaokula ni wa nani, na paa lililo juu ya kichwa changu ni la nani. Nilimjibu kwamba mkate ni wake na paa ni lake, na namshukuru, lakini kazi si yake. Ni ya mji, nimeazimwa. Orrin alikuwa anatazama sahani yake kama mtu anayetafuta mlango humo.

Kesho yake nguruwe walikuwa kwa Lettie tena. Nilichukua ndoo ya makombo nikaenda kuwaita. Nguruwe ni mnyama mwenye akili. Hafuati cheo, hufuata ndoo. Nilitembea nao barabarani mpaka zizi la mji, boma la mawe la tangu enzi za mfalme wa Uingereza, ambamo sasa wachumba walikwenda kula matunda pori. Mawe yalikuwa imara lakini lango lilishaoza. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni, ndoo karibu iishe, sijui nifanyeje, nikamwona Orrin anakuja na fito begani na nyundo mkononi. Alipigilia fito mpaka lango likawa lango, akanibusu kwenye paji la uso, akarudi kazini. Nilimpenda sana siku ile.

Habari katika mji mdogo haihitaji simu. Mzee Asahel alifika na lori lake, na nyuma yake nusu ya mji, wote wakidai walikuwa wanapita tu. Bwana Hoyt alikuwepo, na Lettie pia, amesimama mbali kidogo amekunja mikono ndani ya aproni.

Mzee aliniambia nifungue. Nilimwambia nitafungua hasara ikishakadiriwa na kulipwa, kama sheria inavyosema.

"Mimi ndiye diwani mkuu wa mji huu," alisema.

"Ndiyo, Baba. Na diwani hana uwezo juu ya lango hili. Nimesoma."

Watu wakanong'ona. Mzee aliegemea ukuta akawaangalia nguruwe wake mmoja mmoja, kwa utulivu, na nikaanza kuogopa utulivu ule. Kisha akanyoosha kidole.

"Na yule mwenye sikio lililochanika ni wa nani?"

Nilijua kabla hajamaliza. Alikuwa jike langu. Mzee mwenyewe alinipa siku ya harusi, na nilimwacha achanganyike na wenzake kwa sababu sikuwa na banda. Nilikuwa nimetembea naye barabara nzima, namwita kwa ndoo, na macho yangu hayakutaka kumwona. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mwendo wote nilikuwa nimejaa haki ya kuwahukumu wengine.

"Sheria ni msumeno, binti," mzee alisema, na sasa alikuwa anacheka kweli. "Wewe nawe una nguruwe shambani kwa Lettie. Utajikadiria mwenyewe hasara? Utajihukumu mwenyewe?"

Nilisema hapana. Alikuwa na haki, na watu walisikia nikisema ana haki. Mtu hakati kesi ambayo yeye mwenyewe yumo. Nikawaambia kwamba katika shauri hili mimi si msimamizi tena, ni mwenye nguruwe kama mzee.

"Basi fungua," alisema. "Mimi na madiwani wenzangu tutateua mtu mwingine."

Wale wenzake wawili walikuwepo. Mmoja alikuwa shemeji yake, na mwingine hakuwahi kukohoa bila kumtazama mzee kwanza. Kila mtu aliona kilichotokea: mimi nimetoka kwa sababu nina nguruwe mmoja, na sasa mwenye nguruwe wengine wote ndiye atakayemchagua hakimu. Bado hakuna aliyesema, maana kila mtu alikuwa anawaza kibarua cha mwanawe.

Aliyesema ni Lettie. Alisogea mpaka langoni.

"Asahel, wewe pia umo," alisema. "Waliomchagua huyu binti ndio wanichagulie mwingine. Sheria si inasema wapiga kura kumi wakitaka mkutano, utaitishwa?"

Alimgeukia Bwana Hoyt, naye akaitikia kwa kichwa.

"Lettie," mzee alisema, kwa sauti ya chini, karibu ya upole, "kama shida ni chakula, njoo kwa madiwani, tutakusaidia. Ndiyo kazi yetu."

"Najua msaada wenu unaishia wapi," Lettie alisema. "Siombi msaada. Naomba mkutano."

Wa kwanza kutia saini alikuwa Orrin. Baada yake, ile hofu ya vibarua sijui ilikwenda wapi, watu walisukumana.

Sasa nimpe mzee Asahel haki yake. Tangazo la mkutano ni lazima litiwe saini na madiwani, na yeye angeweza kuugua, kusafiri, kupoteza kalamu. Wapo waliobashiri hivyo. Alitia saini siku ileile aliyopelekewa, akaenda mwenyewe kulibandika mlangoni pa ukumbi, akagonga misumari kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Halafu akarudi nyumbani na hakuniambia neno.

Wakati tunangoja, nguruwe walikuwa mikononi mwangu, maana wanyama wa zizini ni dhamana ya anayewafungia. Niliwapelekea maji na makombo. Lettie alikuja na toroli la viazi vilivyoumwa, ambavyo visingekaa pishini, akawamwagia. Alisema wamalizie walichokianza. Tulisimama tukawatazama wanakula, na nilimuuliza analalaje. Alisema halali. Anahesabu vilivyobaki, na kila akihesabu havifiki Februari.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa kuliko Machi. Nilidhani watu wamekuja kwa ajili ya Lettie, lakini niliposikiliza nikaona wengi wamekuja kwa ajili ya Asahel. Miaka yote ile ya kumeza mate ilikuwa imewakaa kooni. Perley Stokes, ambaye mwanawe aliwahi kunyimwa kibarua, alisimama akapendekeza nguruwe wote wapewe Lettie, na mzee anyang'anywe udiwani papo hapo, na alipe pia kwa mwaka uliotangulia. Kelele zilizoitikia zilikuwa kubwa. Ilikuwa ni ile ile ndiyo ya Machi, kutoka kwenye makoo yale yale, na ilinitisha zaidi kuliko iliponicheka. Mzee alikuwa amekaa mstari wa mbele peke yake. Viti vya pande zote mbili vilikuwa vitupu, hata wale madiwani wenzake walikuwa wamepata sehemu nzuri zaidi nyuma.

Mwendesha mkutano aligonga meza mpaka wakanyamaza. Alisoma tangazo lililokuwa mlangoni. Lilikuwa na jambo moja: kuchagua msimamizi wa nguruwe wa kushughulikia shauri la viazi vya Bibi Quimby. Akasema mkutano hauwezi kuamua jambo ambalo watu hawakutangaziwa, na mkutano si mahakama. Anayetaka kumwondoa diwani asubiri Machi, apige kura kama Mungu alivyoamuru.

"Sisi si ndio wenye mji?" Perley alisema. "Nani anatuzuia?"

"Mnazuiwa na sheria mliyoipitisha wenyewe," mwendesha mkutano alisema. "Kaa chini, Perley."

Perley alikaa, ananung'unika. Nilimtazama mzee Asahel. Alikuwa ameinamisha kichwa, anazungusha kofia yake magotini. Sijui alikuwa anawaza nini, lakini mimi niliwaza kwamba sheria ile ile aliyoicheka ndiyo iliyomkinga sasa, na kama isingekuwepo angerudi nyumbani bila nguruwe wala udiwani.

Ikaja kumchagua mtu. Desturi inataka bwana harusi mpya, na watu wakaanza kutazamana. Vijana wote wa mji walikuwa bado kwenye uchumba au hawajafika huko. Ndipo Lettie aliposema kutoka nyuma:

"Bwana Hoyt ameoa Agosti."

Ni kweli. Alikuwa amemwoa mjane mmoja wa ng'ambo ya mto, kimyakimya, kwa matumaini kwamba hatutagundua. Kicheko kilichopasuka safari hii kilikuwa cha raha, kila mtu alikuwa anakihitaji. Mzee wa watu akawa mwekundu mpaka ndani ya tai. Alipochaguliwa, aliyewaapisha wenzake miaka yote, hakukuwa na wa kumwapisha, ikabidi mwendesha mkutano ashike kitabu. Akaruka neno moja. Bwana Hoyt alimsimamisha akamwambia arudie.

Alikagua shamba asubuhi nzima, mzee Asahel upande wake mmoja na mimi upande wa pili, Lettie mbele. Alichimbua mistari iliyosalimika apate kujua ile iliyoliwa ingetoa kiasi gani. Aliuliza kila mmoja ana nini cha kusema. Mzee alisema Lettie hakujenga ua. Bwana Hoyt akamwonyesha ukuta ulioporomoka akamuuliza ni wa nani kuutengeneza. Mzee akakiri ni wake. Mimi nilisema jike langu ni mdogo kuliko wengine, na nilimpeleka zizini mwenyewe, kwa hiyo labda sehemu yangu ingepunguzwa.

"Wewe uliapa," Bwana Hoyt alisema. "Nguruwe wako hakuapa. Amekula kama wenzake."

Uamuzi wake ulikuwa mfupi. Mzee atoe viazi pishini mwake, gunia kwa gunia, mpaka pishi la Lettie lifike pale ambapo lingefika, na ukuta usimame kabla ya theluji. Mimi nitoe sehemu ya nguruwe mmoja. Sikuwa na shamba la viazi, kwa hiyo nilimpa Lettie jike lenyewe. Alikuwa mali yangu pekee katika nyumba ile, niliyoweza kusema ni yangu. Nililia nikiwa njiani kurudi, na sitaki mtu aniambie kwamba haki ni tamu. Ni haki tu.

Mzee alipeleka magunia mwenyewe. Hakumtuma Orrin wala mtu mwingine. Niliona kutoka dirishani akiyashusha moja baada ya jingine kwenye ngazi za pishi la Lettie, na Lettie amemshikia taa. Aliujenga ukuta vilevile, jiwe kwa jiwe, na ukuta ule umesimama mpaka leo. Majira yote ya baridi, kila nilipoamka kuwasha jiko, nilitazama kwanza ng'ambo, nikaona moshi unatoka kwenye bomba la Lettie, ndipo nikatia kuni zangu.

Ila mzee hakusema nami. Alikuwa na adabu. Hakunifukuza, hakunitukana, na kama nimebeba ndoo nzito alinifungulia mlango. Lakini neno hakunipa. Akitaka chumvi iliyo mbele yangu alimwambia Orrin, na Orrin alinyoosha mkono mbele ya sahani yangu akaichukua. Nilipika, nikapakua, nikala, na chumvi ikapita juu yangu usiku baada ya usiku. Kuna siku niliwaza kurudi Manchester kwa mama. Orrin alisema tukiondoka tutaondoka wote, na jinsi alivyosema nikajua angeumia, nikabaki.

Machi ikafika. Perley Stokes aligombea kiti cha mzee, na alikuwa amepita nyumba kwa nyumba. Kura za madiwani ni za karatasi, unaikunja na kuitia sandukuni. Nilisimama na karatasi yangu kwa muda mrefu, watu nyuma yangu wakaanza kukohoa. Niliifikiria ile chumvi. Kisha nikalifikiria lile tangazo mlangoni, na misumari. Nikaandika jina, nikakunja.

Mzee Asahel alishinda, kwa kura chache mno, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alionekana kushangaa.

Tukala maharage. Mwisho ikaja zamu ya msimamizi wa nguruwe, na mwendesha mkutano akauliza kama kuna bwana harusi. Alikuwepo mmoja, kijana wa kiwanda cha mbao, tayari anaona haya. Mzee Asahel akasimama. Alisema bwana harusi apishe mwaka huu. Yeye anapendekeza Odile Batchelder, na hana utani wa kuongeza. Alikaa. Wanaokubali waliambiwa waseme ndiyo, wakasema, na hakuna aliyecheka.

Nilikwenda mbele. Bwana Hoyt alishika kitabu, nami nikanyanyua mkono. Katikati ya kiapo nilisikia viti vinakwaruza nyuma yangu, vingi, nikadhani watu wameanza kwenda kukamua. Nilipogeuka, ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Aliyeanza alikuwa mbele kabisa, mrefu kuliko wote, kofia mkononi.

Usiku ule mezani tulikuwa watatu kama kawaida, viazi na nyama ya chumvi. Mzee alikula kidogo, akaweka uma chini.

"Binti," alisema, "ulinipigia kura?"

Orrin aliacha kutafuna.

"Kura ni siri, Baba."

Alinitazama. Kitu fulani kikamtikisa mabega, nikaona ni kicheko, kidogo, cha mtu ambaye hajakitumia siku nyingi.

"Ni kweli," alisema. "Basi nisogezee chumvi."